Santuri za Jamhuri Jazz: kabla hujauza sanduku la babu

Swali: Shikamoo mzee. Naishi Makorora, hapa hapa Tanga. Babu yangu alifariki mwaka jana akaacha sanduku la santuri 43. Nyingi ni zile ndogo za Jamhuri Jazz, bendi aliyoipenda mpaka mwisho wake, chache za Atomic Jazz, na nyingine za taarab ya Black Star. Na mimi Jamhuri imeniingia. Nina CD mbili za zilipendwa zenye nyimbo zao, na kusema kweli zinalia safi kuliko santuri nilizojaribisha kwa jirani. Zile zilikuwa nyembamba, zinakwaruza kama mtu anakaanga samaki. Kuna mtu wa Dar anataka kulinunua sanduku lote kwa mpigo. Je, niendelee kutafuta santuri za Jamhuri nikamilishe, au niziuze hizi nikusanye CD?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu. Mtu aliyekaa na santuri 43 mpaka uzeeni, akahama nazo nyumba hadi nyumba, akazikinga na mvua na mikono ya wajukuu, alijua anatunza nini. Mimi ni fundi redio Ngamiani kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali kama lako nimeletewa mara nyingi. Tofauti yako ni kwamba sanduku bado unalo. Wengi huja kuniuliza wakiwa wameshauza.

Usiuze. Na sababu yangu si ile utakayoisikia kwa wapenzi wengi wa santuri, kwamba sahani nyeusi ina utamu ambao CD haina. Masikio yako hayakukudanganya. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony, ilikuja na mambo ambayo santuri haiwezi. Hakuna sindano inayoikwaruza, mwanga tu ndio unaoisoma, kwa hiyo ukiicheza mara mia, ya mia italia sawa na ya kwanza. Umbali kati ya sauti yake ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwa hesabu, ni kama desibeli 96. Santuri iliyobonyezwa vizuri na kutunzwa vizuri huishia kwenye 60 hadi 70. Ukizishindanisha kwa usafi wa sauti peke yake, CD inashinda, na mtu asikubishie.

Kwa hiyo ungeniambia bendi uipendayo ni The Beatles, ningekujibu kwa mstari mmoja: nunua CD, santuri ziache kwa wenye pesa za anasa. Kanda mama zao, yaani zile za asili zilizorekodiwa studio, zimetunzwa London, albamu zao zote zilitolewa kwenye CD mwaka 1987, na tangu hapo zimesafishwa na kutolewa tena. Hakuna wimbo wao utakaoupata kwenye santuri ya zamani tu ukaukosa kwenye CD.

Jamhuri Jazz ni habari nyingine kabisa.

Bendi hii ilianza hapa Tanga ikiitwa Young Nyamwezi, kabla ya kuchukua jina la Jamhuri. Ndani yake walipita ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walioingia mwaka 1966. Mwaka 1970 wakaenda Arusha wakaunda Arusha Jazz, na 1971 wakavuka kwenda Mombasa, ambako bendi yao ya Simba Wanyika ilizaliwa. Magita yale yaliyokuja kuitawala Nairobi yalipikwa kwanza kwenye kumbi za mji wetu. Lakini wakati Jamhuri inarekodi, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kubonyeza santuri. Bendi ilirekodi kwa ajili ya redio ya taifa, RTD, kule Dar es Salaam, na ikitaka santuri, kazi ilibonyezwa Nairobi, kisha sahani zikarudi kuuzwa kwenye maduka ya huku. Kanda mama haikukaa Tanga hata siku moja. Kampuni zikabadilisha wenyewe, nyingine zikafa, na kanda nyingi zikafa nazo. Ndiyo maana CD nyingi za zilipendwa hazikutoka kwenye kanda. Mtu alitafuta santuri kama hizo zako, akaiweka kwenye gramafoni, akarekodi. CD yako inaweza kuwa mtoto, na mama yake yumo kwenye sanduku la babu.

Na hao ni wale wachache waliobahatika. Nyimbo za upande wa B, zile ambazo hazikupigwa sana redioni, nyingi hazijawahi kuguswa na mtu wa CD. Kilichobaki kwazo ni sahani zenyewe, kila moja mahali ilipo, kwenye kabati, chini ya kitanda, au jalalani.

Chukua CD zako mbili leo jioni uzisikilize hivi. Sikiliza kwanza ule ukimya kabla wimbo haujaanza. Ukisikia mnong'ono, na katikati yake mpigo mdogo unaorudi kwa vipimo sawa, tik, tik, tik, basi huo ni mkwaruzo wa santuri. Kwenye sahani inayozunguka mara 45 kwa dakika, sindano huupita mkwaruzo huo mara tatu kila sekunde nne, na ukishaujua mpigo wake hutausahau. Kisha sikiliza manyanga. Aliyeitengeneza CD mara nyingi hutaka kuondoa kelele kwa kompyuta, na kompyuta haijui tofauti ya kelele ya vumbi na sauti ya manyanga, zote ni "sss". Akizidisha dawa, vumbi linaondoka na manyanga yanaondoka nalo, na ngoma inabaki kama imefunikwa blanketi. Nimesikia CD ambayo mpiga manyanga amefutwa kabisa, ilhali kwenye santuri, pamoja na kukwaruza kwake, yupo, na mkono wake unausikia.

Sikiliza pia mwisho wa wimbo. Santuri ya inchi saba hubeba dakika tatu, nne, kidogo na zaidi kila upande. Kwenye santuri nyingi za miaka ya sabini wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, waimbaji upande wa kwanza, kisha unageuza sahani ndipo unapata chemko, magita yanapoachiwa yaseme. Wapo waliotoa CD kwa kuchukua kipande cha kwanza tu. Wimbo unafifia pale pale ambapo babu yako angeinuka kugeuza sahani.

Nieleze kwa nini jambo hili linaniuma. Mwanzoni mwa miaka ya tisini gramafoni yangu iliharibika na sindano hazikupatikana mjini. Wakati huo kila mtu alikuwa na redio ya kanda. Nikachukua santuri kumi na mbili, nikazipeleka kwenye duka moja lililokuwa likihamishia nyimbo kwenye kanda kwa malipo. Siku ya tatu nikapewa kanda mbili, nikaambiwa sahani zenyewe nije kesho. Kesho ikawa wiki, na siku moja nilikuta duka limefungwa na mwenyewe amehama mji. Nyumbani nilipozisikiliza kanda zile, nikagundua alikuwa amerekodi upande wa A tu. Nyimbo kumi na mbili za upande wa B zilikwenda. Na hizo kanda, masika mawili baadaye, ziliota ukungu zikaanza kunata. Tangu siku hiyo sihesabu kwamba wimbo umehama mpaka nimeusikia wote, pande zote mbili, mahali papya, na sahani imerudi mkononi mwangu.

Sasa tuje kwenye sanduku. Usianze kwa kuzicheza. Anza na daftari. Chukua sahani moja moja, uishike ukingoni na kwenye lebo, vidole visiguse mifereji, na uandike kila kilichoandikwa: jina la bendi, nyimbo za pande zote mbili, mtunzi, kampuni, na namba. Namba ndiyo kitambulisho. Santuri nyingi za Polydor za Afrika Mashariki, kwa mfano, zina herufi POL kisha 7 na tarakimu zake, na zile kubwa zina POLP. Halafu iinamishe sahani kwenye mwanga wa dirisha, utazame eneo tupu kati ya mwisho wa mifereji na lebo. Pana namba imechorwa au kugongwa kwenye plastiki yenyewe. Iandike hiyo pia. Lebo ikiliwa na mende, na hapa Tanga mende wanapenda gundi ya lebo kama halua, ile namba ya kwenye plastiki itabaki kukuambia hiyo ni sahani gani.

Umesema unataka ukamilishe Jamhuri. Nia nzuri, lakini usijenge mkusanyiko wako juu ya neno hilo. Namba za kampuni zilipangwa kwa mfululizo mmoja kwa bendi nyingi, hii ya Morogoro, ile ya Tabora, nyingine ya Kisumu. Ukiona pengo kati ya namba mbili za Jamhuri usidhani lazima kuna santuri ya Jamhuri umeikosa. Jengea kwenye hali ya sahani. Afadhali sahani kumi zinazosikika kuliko thelathini zilizosagwa. Hali unaitambua hivi: iweke chini ya mwanga wa kuinama. Mifereji myeusi inayong'aa ni dalili njema. Ikiwa na weupe weupe wa kijivu kama jivu lililofutwa, ujue imepigwa na sindano iliyokwisha, na hilo halisafishiki, maana ukuta wa mfereji umekwanguliwa. Michirizi mirefu iliyo juu juu hutisha macho kuliko masikio. Pitisha ukucha taratibu. Ukucha usipokwama, mchirizi huo mara nyingi hausikiki sana.

Kuhusu kule kwa jirani, nadhani najua kilichotokea, kwa sababu umeniambia sauti ilikuwa nyembamba. Wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa kwa kipimo maalumu, ili mifereji isiwe mipana mno na kelele izame. Kipimo hicho kinaitwa RIAA, na viwanda vilianza kukubaliana juu yake mwaka 1954. Kazi ya kuirudisha sauti kama ilivyokuwa hufanywa na amplifaya, kwenye tundu lililoandikwa Phono. Ukichomeka pleya kwenye tundu la CD au AUX bila kifaa hicho katikati, utapata sauti ndogo, isiyo na besi, yenye ukali mtupu, na kila chembe ya vumbi itapiga kelele kama mtu. Mwambie jirani aangalie amechomeka wapi. Inawezekana umezihukumu santuri za babu kwa kosa la waya.

Halafu uulize sindano. Ya almasi hudumu kama saa 500 hadi 1,000 za kucheza, baada ya hapo inageuka patasi. Zile pleya za kisanduku zinazouzwa siku hizi, nzuri za kutazama, zenye spika zake ndani, nyingi hukandamiza sahani kwa gramu tano au zaidi. Pleya yenye mkono unaorekebishika hufanya kazi hiyo hiyo kwa gramu mbili hivi. Mimi santuri ambayo sijui kama ipo nyingine duniani siiweki kwenye kisanduku kile, hata mgeni akiniomba.

Jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi: santuri za Jamhuri za miaka ya sitini ni za mono, sauti moja kushoto na kulia. Sindano ya stereo husoma kuta mbili za mfereji, na pia husoma kupanda na kushuka kwa sindano ambako kwenye sahani ya mono hamna muziki, mna vumbi tu. Kama amplifaya ya jirani ina kitufe cha Mono, kibonyeze. Sehemu kubwa ya ule mkaango itatoweka papo hapo, na sauti ya mwimbaji itasogea mbele. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kwa mshangao kitufe kile kikibonyezwa.

Na upime mwendo. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, kibandike kidogo ukingoni mwa lebo, washa saa ya simu, uhesabu. Santuri ya 45 ihesabike mizunguko 45 kwa dakika moja. LP, ile sahani kubwa, ambayo ni 33 na theluthi, ifike 100 kwa dakika tatu. Mkanda wa pleya ukilegea, Jamhuri itaimba kwa uchovu, na utalaumu bendi. Wapo pia waliotoa CD kutoka pleya inayokimbia. Utaona waimbaji wamekuwa vijana kuliko walivyokuwa.

Kuosha si kazi ngumu. Maji safi yasiyo na chumvi, ya mvua yaliyochujwa au yale ya dukani ya betri ambayo hayajatiwa asidi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Unafuata mzunguko wa mifereji, si kukatiza. Unasuuza, unafuta, unaiacha isimame ikauke kivulini. Lebo isilowe. Na uangalie: kama sandukuni mna sahani nzito, nene, zinazolia kama kigae ukizigonga, zimeandikwa 78, hizo si plastiki, ni shelaki. Zikianguka zinavunjika vipande. Spiriti usizisogezee kabisa, inaziyeyusha. Na zinahitaji sindano pana, kama mara tatu ya ile ya LP. Ni za zama alizorekodi Siti binti Saad, aliyepelekwa Bombay mwaka 1928, na sauti yake imetufikia kwa sababu watu walitunza sahani.

Kuhifadhi ndiko kwenye vita vya watu wa pwani. Hewa yetu ina maji na chumvi, na masika ukungu unaota mpaka kwenye viatu. Santuri zisimame wima kama vitabu, zikiegemeana bila kubanana. Zikilazwa moja juu ya nyingine, za chini zinapinda. Ziwe juu ya ubao, si sakafuni, kwa ajili ya unyevu na mchwa. Zisikae chumba chenye bati bila dari, wala karibu na dirisha la jua la jioni, wala ndani ya gari hata kwa dakika kumi. Zile bahasha za karatasi za zamani zilizoota madoa zitoe, uzihifadhi pembeni kama kumbukumbu, na sahani uzipe bahasha mpya. Vile vipakiti vidogo vya chembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, viweke kwenye sanduku. Kila baada ya masika, fungua, pekua, pulizia hewa.

Usidhani CD imesalimika na hali hii ya hewa. Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, kumbe upande dhaifu ni ule wa maandishi. Karatasi ya alumini inayobeba muziki iko hapo hapo chini ya rangi. Ukiukwaruza, au hewa ikapenya ukingoni, alumini inaanza kutoboka. Iinue CD kwenye taa, ukiona vitundu vya mwanga, ihamishe haraka. Na hizi CD za kuchoma ni dhaifu zaidi, kwa sababu muziki wake umeandikwa kwenye rangi ambayo jua na joto huifuta. Nyingi zinazouzwa mitaani ni hizo, tena zimejazwa MP3 zilizobanwa mpaka hazina pumzi. Ukinunua ile inayosema ina nyimbo mia moja na hamsini, ujue hukununua CD ya muziki, umenunua diski yenye mafaili.

Kwa hiyo CD ipi ununue? Nunua zilizotolewa na watu waliofanya kazi kwa heshima, zenye kijitabu ndani kinachotaja nani alipiga na lini. Kwa upande wa Black Star na Lucky Star, ipo Nyota, iliyotolewa na GlobeStyle ya London mwaka 1989, taarab ya Tanga iliyokuwa imetoka kwanza kwenye lebo ya Mzuri ya Mombasa. Hiyo itafute kwa udi na uvumba. Utasikia jinsi watu wa mji huu walivyoingiza gita la umeme na besi kwenye taarab, na sauti ya Shakila ikapita juu yake. Mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa nao umefanya kazi nzuri ya kukusanya muziki wa pwani na dansi la Tanzania ya zamani. Na kama unataka kufuata njia ya ndugu Kinyonga baada ya kutoka Jamhuri, Simba Wanyika ni rahisi zaidi kupatikana kwenye CD, Pepea mojawapo, iliyotolewa Uholanzi.

Hizo ndizo uzicheze kila siku, garini, jikoni, wageni wakija. Santuri usizigeuze redio ya kila siku. Kila mara sindano inapopita inachukua kidogo.

Na kabla ya yote hayo, zihamishie zote 43 kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi pande zote mbili, kwa WAV, faili lisilobanwa, si MP3, na nakala ya kwanza usiisafishe chochote, iache na vumbi lake. Ukitaka kusafisha, safisha nakala ya pili. Usihofu nafasi: WAV ya ubora wa CD hula kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo pande 86 za dakika tatu tatu hazifiki GB 3. Zinaingia kwenye flashi ya bei ndogo, na bado weka nakala nyingine kwenye nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa rafiki. Hizo ni zako za kusikiliza na kuhifadhi. Kumiliki santuri si kumiliki wimbo, kwa hiyo usizichome ukauza. Wapigaji wa muziki huu walipata kidogo sana walipokuwa hai.

Nimebakiza mtu wa Dar. Sisemi ni mtu mbaya. Lakini fikiri: mtu anayenunua sanduku bila kuangalia sahani moja moja, ama hajui anachonunua, ama ameshaona juu ya bega lako sahani nne au tano anazozitaka, na hizo ndizo zitalipia sanduku zima. Santuri za Afrika Mashariki zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani, na ukiwa na intaneti unaweza kuiona bei iliyolipwa mwisho kwa namba hiyo hiyo kabla hujataja yako. Zikishatoka Tanga, zile tano zitaruka, na nyingine thelathini na nane hakuna atakayejali zimeishia wapi. Ndizo zenye zile B zisizo na CD. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakuwa na santuri, lakini neno lao linaingia hapa. Kama unabanwa na shida ya pesa, na hilo si aibu, basi kwanza daftari, kisha kuhamisha, kisha uuze zile tu ulizonazo mbili mbili, moja moja, kwa namba.

Ukitaka kununua nyingine, anza karibu. Wazee wa Ngamiani na Chumbageni bado wanazo, na wengi hawataki pesa yako, wanataka mtu wa kukaa naye wasikilize. Nenda na juisi ya ukwaju na flashi yenye nyimbo za babu. Mombasa nako kuna za kutosha, na Nairobi, pale Soko la Kenyatta, kuna kibanda cha santuri kinachojulikana na kila mpenzi wa sahani. Lakini huko utanunua kwa bei ya mjuzi.

Nina ombi langu pia. Kati ya zile kumi na mbili nilizopoteza, moja ilikuwa ya Jamhuri. Upande wa A ninao, uko kwenye kanda yenye ukungu, ni rumba ya pole pole. Upande wa B jina lake lilinitoka, maana nilikuwa kijana na nilikuwa nikiiweka sahani bila kusoma. Ninachokumbuka ni kwamba gita linaanza peke yake, noti chache za juu, linasimama kama limesahau, linarudia, ndipo ngoma na manyanga vinaingia pamoja. Ukifika hapo kwenye kuhamisha, usiendelee na sahani inayofuata. Njoo Ngamiani, ulizia fundi wa gramafoni, na uje nayo imefungwa kwenye kitambaa. Kitufe cha Mono kwenye amplifaya yangu kinafanya kazi.